Mbwa wa huduma, mnyama wa faraja au cheti cha dola 79: uchague kipi ukiwa Marekani?

Tofauti yote niliiona ikipita mbele ya meza yangu ndani ya robo saa. Nilikuwa mapokezi, zamu ya usiku, katika hoteli moja hapa Houston. Aliingia mzee asiyeona, mkono wa kushoto ameshika mpini wa mkanda aliofungwa mbwa wake kifuani, labrado mweusi. Msafishaji alikuwa ametoka kupiga deki, na kile kibao cha njano cha kuonya utelezi kilikuwa katikati ya njia. Mbwa akasimama. Mzee akanyoosha mguu, akagusa kibao, akatamka neno moja kwa sauti ya chini, na mbwa akamzungusha upande wa makochi hadi mezani kwangu. Nilipokuwa natafuta jina lake kwenye kompyuta, mbwa alikuwa amelala miguuni pake, kidevu sakafuni, kimya kama hayupo.

Hatujamalizana, wakaingia mke na mume na mbwa mdogo mweupe aliyevishwa kizibao chekundu chenye maandishi makubwa kwamba ni mbwa wa huduma. Shingoni alining'inia kitambulisho chenye picha yake. Alipomwona labrado alibweka, akavuta kamba hadi ikamponyoka mwenyewe, akamrukia mwenzake usoni. Labrado hakujibu. Alisimama, akajibanza kwenye miguu ya mzee, akaanza kutetemeka. Mzee aliniuliza, "Amemng'ata? Niangalizie, tafadhali." Hakuwa na njia nyingine ya kujua. Nilipiga magoti nikamkagua masikio na pua. Damu haikuwepo, lakini yule mzee alikaa kwenye kochi dakika nyingi, kiganja juu ya kichwa cha mbwa, kabla hajathubutu kumwambia twende.

Tangu siku ile kila anayeniuliza habari za wanyama hawa namjibu kwa urefu. Na wanaouliza ni wengi, kwa sababu sisi Waswahili wa huku tupo pande zote za jambo hili: kuna wenye wagonjwa nyumbani, kuna wapangaji wanaotozwa kwa ajili ya paka, na kuna sisi tunaosimama mlangoni, kwenye hoteli, mgahawa, hospitali au nyuma ya usukani wa Uber.

Aliyenifanya niandike ni mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu. "Kaka, wewe unafanya kazi ya hoteli, unajua mambo hizi," aliniambia, akinionyesha simu. Binti yake ana miaka 19. Tangu walipotoka kambini anaamka usiku akipiga kelele, na kwa mwaka wa pili sasa anaonana na mshauri wa kliniki. Wana mbwa, koko mmoja mtulivu wa rangi ya hudhurungi, na mwenye nyumba anataka dola 300 za amana ya mbwa na dola 25 kila mwezi juu ya kodi. Kwenye simu palikuwa na tovuti inayouza cheti, kitambulisho na kizibao kwa dola 79. "Nikilipa hii, si itakuwa imekwisha?"

Nilimwambia, mama, tuanze na swali jingine kabisa: mbwa huyu anamfanyia nini binti yako?

Kazi dhidi ya faraja

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, ile inayoitwa ADA, ilisainiwa Julai 1990. Kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011 zinamtambua mnyama wa huduma kuwa ni mbwa, na mbwa tu, aliyefundishwa kumfanyia mtu mwenye ulemavu kazi maalumu inayohusiana na ulemavu huo. Kando yake kuna kifungu kimoja cha farasi wadogo, wale wenye urefu wa inchi 24 hadi 34, ambao baadhi ya wasioona huwatumia. Paka, kasuku na nyani hawamo.

Neno zito hapo ni kazi. Mbwa anayemwongoza asiyeona ana kazi. Anayemgusa kiziwi mlango unapogongwa ana kazi. Anayemletea dawa mwenye kifafa, anayeokota funguo za mtu wa kiti cha magurudumu, anayemwamsha askari wa zamani anapoweweseka, wote wana kazi. Magonjwa ya akili yamo humo sawasawa na ya mwili, na hapa watu wengi wanakosea. Mbwa aliyefundishwa kutambua kwamba hofu inampanda bwana wake, kisha akatenda jambo, labda kumlalia mapajani kwa uzito wake wote au kumvuta nje ya umati, huyo ni mbwa wa huduma kamili.

Mnyama wa faraja ni habari nyingine. Huyu anasaidia kwa kuwepo kwake tu. Hafundishwi kazi, na anaweza kuwa mbwa, paka, sungura au ndege. Simdharau hata kidogo. Mtu aliyepoteza ndugu zake, anayerudi kwenye chumba kimoja katika mji asiomjua mtu, akakuta paka anamsubiri dirishani, ana kitu ambacho dawa peke yake haikumpa. Ila ADA haimfungulii mnyama huyo mlango wa duka wala mgahawa. Mlango wake ni wa nyumbani.

Kuna na wa tatu, mbwa wa tiba, wanaopelekwa hospitali na shuleni ili wagonjwa na watoto wawapapase. Hao huingia kwa mwaliko wa mahali husika, na huna haja ya kuwafikiria kama unajitafutia mwenyewe.

Nani anaingia wapi

Mbwa wa huduma huingia popote umma unapoingia: dukani, mgahawani, hotelini, wodini, ndani ya teksi. Hatozwi ada ya mnyama, wala mwenyewe hapelekwi kwenye vyumba vya wenye wanyama. Mtu aliye jirani akisema ana mzio au anaogopa mbwa, hiyo si sababu ya kumfukuza, watu watenganishwe. Anakaa sakafuni, hapandi kiti cha mgahawa, hawekwi ndani ya toroli la dukani. Na haachwi peke yake chumbani hotelini, jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Makanisa na misikiti haifungwi na sheria hii. Kila mahali pa ibada hujiamulia.

Kwenye nyumba ya kupanga mambo yanabadilika, maana hapo inatawala Sheria ya Makazi ya Haki ya 1968, iliyoongezwa watu wenye ulemavu mwaka 1988. Chini ya sheria hiyo mnyama wa faraja ana nafasi. Jengo linaweza kuwa limeandika langoni kwamba wanyama marufuku, na bado mpangaji mwenye ulemavu akaomba aruhusiwe na wake, bila amana ya mnyama na bila nyongeza ya kila mwezi. Akiharibu zulia utalilipa, hilo halikwepeki. Akiwa mkali, mwenye nyumba anaweza kukataa. Jengo dogo lisilozidi nyumba 4, ambalo mwenyewe anaishi humo humo, kwa kawaida haliguswi na sheria hii ya taifa, kwa hiyo ukipanga nyuma ya nyumba ya mtu usimtishe kwa mahakama kabla hujauliza.

Kwenye ndege ndiko kulikochafuka kuliko kote. Sheria ya usafiri wa anga ya 1986 ilikuja kufasiriwa kuwa mnyama wa faraja apande bure, na watu wakapanda na kila kitu. Januari 2018 pale Newark abiria alifika na tausi, shirika la United likakataa. Oktoba mwaka huohuo ndege ya Frontier iliyokuwa Orlando ikabidi iteremshe abiria wote kwa sababu mmoja alikuwa na kindi. Watu walicheka kwenye mitandao, lakini mwaka mmoja kabla yake, Juni 2017, abiria mmoja wa Delta pale Atlanta alijeruhiwa usoni na mbwa wa faraja aliyekaa mapajani mwa jirani yake, na huyo hakuwa na la kucheka. Desemba 2020 Wizara ya Uchukuzi ikatoa kanuni mpya, zikaanza Januari 11, 2021. Tangu hapo mashirika hayalazimiki kumtambua mnyama wa faraja. Analipiwa kama mnyama mwingine wa nyumbani, mara nyingi kati ya dola 100 na 150 kwa safari moja ya ndani ya nchi.

Mbwa wa huduma anaendelea kupanda bure, lakini shirika linaweza kudai fomu ya wizara inayoeleza afya, tabia na mafunzo yake, na linaweza kuitaka saa 48 kabla ya safari. Safari ikiwa ya saa 8 au zaidi kuna fomu ya pili, ya kuthibitisha kwamba mbwa atajizuia haja au atajisaidia bila kuleta uchafu. Ile ya New York hadi Nairobi ni ya aina hiyo. Anayesema uongo kwenye fomu hizo anafanya kosa la jinai la serikali kuu, na limeandikwa palepale juu ya karatasi.

Kama unawaza kwenda naye nyumbani Afrika, angalia kurudi kabla ya kwenda. Tangu Agosti 1, 2024, mbwa yeyote anayeingia Marekani lazima awe na miezi 6 au zaidi, awe na chipu mwilini, na awe na fomu ya CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Anayetoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na za kwetu zimo, huongezewa masharti. Aliyechanjwa Marekani anahitaji cheti cha chanjo kilichogongwa muhuri na idara ya kilimo kabla hajaondoka. Aliyechanjwa Dar au Goma ana safari ndefu ya vipimo vya damu na kituo maalumu cha kupokelea. Mbwa wa huduma hasamehewi.

Karatasi: hapa ndipo wanapoliwa watu

Watu wetu tumezoea kwamba haki ina muhuri. Bila kitambulisho hupiti, bila barua ya mjumbe husikilizwi. Ndiyo maana tovuti ya dola 79 inatuingia kirahisi. Lakini Marekani haina daftari la taifa la mbwa wa huduma. Halipo. Hakuna ofisi inayosajili, hakuna cheti kinachotambuliwa na Wizara ya Sheria, kizibao si sharti. Mbwa yule wa mzee hakuwa na karatasi hata moja iliyonionyesha kazi yake. Aliifanya mbele ya macho yangu. Ambaye ana kitambulisho chenye picha kifuani, mara nyingi ni yule aliyekinunua.

Kwa mnyama wa faraja karatasi ipo moja tu yenye maana, nayo ni barua ya mtaalamu mwenye leseni anayekujua: daktari, mwanasaikolojia, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Inasema una hali inayokuzuia maishani na kwamba mnyama anakupunguzia makali yake. Haihitaji kutaja ugonjwa kwa jina. Januari 2020 Wizara ya Nyumba ilitoa waraka, uliokuja kuondolewa mwaka 2025, ulioeleza wazi kwamba vyeti vinavyouzwa mtandaoni kwa yeyote anayejibu maswali machache na kulipa, peke yake havitoshi kumthibitishia mwenye nyumba. California ikaenda mbali zaidi: tangu Januari 1, 2022, mtaalamu hawezi kuandika barua ya mbwa wa faraja kabla hajawa na mteja wake kwa angalau siku 30. Nyaraka za wizara hubadilika serikali zinapobadilika, kwa hiyo kabla hujapeleka barua piga simu kwa shirika la msaada wa kisheria la mji wako.

Na kudanganya kuna bei. Hapa Texas, tangu Septemba 2023, anayemtambulisha mbwa wa kawaida kama wa huduma anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufanyishwa saa 30 za kazi katika shirika linalohudumia watu wenye ulemavu. California ni faini ya hadi dola 1,000, au jela hadi miezi 6, au vyote viwili. Sisemi haya kuwatisha watu. Mtu mwenye makaratasi ya uhamiaji mezani hahitaji kosa la jinai kwa ajili ya kumwingiza mbwa dukani.

Hata kama faini isingekuwepo, mimi nisingemshauri mtu. Mbwa wa kumwongoza asiyeona analelewa na kufundishwa karibu miaka miwili. Akishambuliwa mara moja anaweza kuanza kuogopa mbwa wengine, na mwongozaji mwoga hafai barabarani. Kuna wanaostaafishwa kwa sababu hiyo. Kila anayekuja na mbwa wa uongo akachafua kapeti, mlinzi wa kesho atamtazama asiyeona kwa jicho la shaka.

Bei na subira

Mbwa wa huduma aliyefundishwa na taasisi anagharimu makumi ya maelfu ya dola kumlea, lakini usikate tamaa kwa kusikia hivyo, maana gharama hiyo kwa sehemu kubwa hubebwa na wafadhili. The Seeing Eye ya New Jersey, iliyoanzishwa 1929 na Dorothy Eustis pamoja na Morris Frank, kijana asiyeona aliyerudi kutoka Uswisi mwaka 1928 na mbwa wake Buddy akavuka naye barabara za New York mbele ya waandishi wa habari, humtoza mwanafunzi dola 150 kwa mbwa wa kwanza. Guide Dogs for the Blind na Canine Companions, zote za California, hazitozi. Unacholipa ni muda, kwa sababu foleni ni ndefu, na baadaye chakula, daktari wa mifugo, na kuamka alfajiri kumtoa nje hata mvua ikinyesha.

Sheria inakuruhusu pia kumfundisha mwenyewe. Ni kweli, na wapo waliofanikiwa. Lakini akiwa bado mafunzoni, ADA haimhesabu. Majimbo yana sheria zake. Na si kila mbwa anafaa, hata awe mpole vipi sebuleni. Mnyama wa faraja hana gharama hizo za mafunzo. Kama tayari una mtaalamu, barua yake mara nyingi haikugharimu zaidi ya miadi ya kawaida.

Ukiwa wewe ndiye wa mlangoni

Maswali ni mawili tu, na huyaulizi pale kazi ya mbwa inapoonekana wazi. Mbwa huyu ni wa huduma anayehitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kufanya kazi gani? Usiulize ugonjwa. Usidai cheti. Usiseme aonyeshe. Jibu likiwa "ananipa utulivu," basi ni wa faraja. Hata hivyo jibu zuri halimlindi mbwa mbaya: akishindikana kudhibitiwa na mwenyewe hachukui hatua, au akijisaidia ndani, unaweza kumwomba mwenyewe amtoe, huku yeye akibaki kuhudumiwa. Usiku ule nilikuwa na haki ya kumtoa yule wa kizibao chekundu, na sikuijua. Niliogopa kizibao. Nililijua hilo wiki moja baadaye, na bado linaniuma.

Madereva, nanyi sikilizeni. Mwaka 2021 msuluhishi aliamuru Uber imlipe abiria mmoja asiyeona dola milioni 1.1 baada ya kukataliwa au kusumbuliwa mara 14 kwa sababu ya mbwa wake. Dereva anayekataa kwa makusudi hufungiwa akaunti moja kwa moja.

Najua ndugu zangu Waislamu, wengi wetu wa Kishafii, tuna neno la najisi. Mate ya mbwa yana kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kavu kwa kavu hakuna najisi, na mbwa wa huduma hukaa chini miguuni mwa abiria. Shuka la zamani kwenye sakafu ya nyuma linatosha. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimkubali kijana wa Kiislamu asiyeona aje na mbwa wake, akatengewa mahali pa kupumzika wakati bwana wake akisali. Ukitatizika, muulize shehe wako kabla ya kuwasha programu ya Uber, usimwache mtu barazani.

Basi uchague kipi?

Kama kuna jambo mahususi linalokushinda kwa sababu ya ulemavu, na mbwa anaweza kufundishwa kulifanya, na unataka akusindikize kazini, sokoni na safarini, omba mbwa wa huduma kwenye taasisi, na anza leo kwa sababu ya foleni. Kama unachohitaji ni mwenza nyumbani anayekusaidia kuimaliza siku, chukua njia ya barua na uishie nyumbani naye; sokoni muache. Kama unampenda tu mbwa wako, lipa amana, ni gharama ya kufuga. Cheti cha dola 79 sikukiweka popote katika hesabu hii.

Yule mama nilimuuliza tena: anamfanyia nini? Akafikiri. "Akilala na huyu mbwa mlangoni, anaamka mara moja. Bila yeye, mara tatu, nne." Mbwa hakuwa amefundishwa kitu. Hakuwa wa huduma, na binti hakuwa na haja ya kwenda naye dukani. Tulifunga ile tovuti. Wiki iliyofuata binti alimweleza mshauri wake, na barua ikatoka siku hiyohiyo, aya mbili, bila kutaja ugonjwa. Nilimsaidia mama kuandika ombi kwa mwenye nyumba, tukabaki na nakala. Siku ya tisa akanipigia kunisomea jibu: dola 300 zimefutwa, 25 za mwezi pia, na mbwa afungwe kamba akiwa kwenye ngazi za jengo.

"Kamba ninayo," akasema, na nyuma yake nikasikia mtu akicheka na mbwa akikwaruza mlango kutaka kutoka.